Kuuliza kitu ni cha klasi gani: jibu kwa msomaji anayebuni lugha ya programu

Swali: Ninabuni lugha ndogo ya programu kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni. Ina klasi, urithi wa mzazi mmoja na violesura, na aina za vigeu hukaguliwa na kompaila kabla programu haijaendeshwa. Sasa ninapaswa kuamua kama niweke opereta kama instanceof ya Java, inayouliza kama kitu ni cha klasi fulani. Mwalimu anayenisimamia anasema kwamba msimbo unaouliza kitu ni cha klasi gani ni dalili ya usanifu mbovu, na kwamba lugha safi haihitaji opereta hiyo. Mwenzangu katika mradi anataka kila kitu kiwe na methodi klasi() inayorudisha klasi yake pamoja na jina, methodi na sehemu zake zote, kama ilivyo katika Python na Ruby. Nimfuate nani?

Jibu: Ndugu msomaji, usimfuate yeyote kati yao moja kwa moja. Opereta iweke, lakini isiwe kama ile ambayo Java ilizaliwa nayo mwaka 1996. Na ile methodi klasi() usiibandike kwenye kila kitu, bali uijengee maktaba yake pembeni. Ili sababu zieleweke, inabidi kwanza nitenganishe mambo ambayo ninyi watatu mmeyatia katika kapu moja.

Mtu anayeuliza aina ya kitu wakati programu inaendeshwa huwa anauliza moja kati ya maswali matatu. Pengine anataka kujua kama kitu kilitengenezwa kwa klasi hii yenyewe, wala si kwa klasi tanzu yake, yaani klasi inayorithi kutoka kwake. Pengine anataka kujua kama kitu kimo katika ukoo wa klasi hii, yaani kama kinaweza kupokelewa popote ambapo klasi hii inakubaliwa. Na pengine hajali ukoo wowote, ila anataka kujua kama kitu kinaweza kutenda jambo fulani kikiombwa. Smalltalk iliyapa maswali hayo majina matatu tofauti, isMemberOf:, isKindOf: na respondsTo:, na Ruby ina mapacha yake, instance_of?, is_a? na respond_to?. Mwalimu wako analaani zaidi swali la pili, mwenzako anadai la kwanza na la tatu, na kwa maoni yangu ni la pili peke yake linalostahili kuwa sehemu ya sarufi ya lugha yako.

Ubishi huu si wa jana. Simula 67, lugha iliyoanzisha klasi na urithi kama tunavyovijua, kazi ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo, ilikuwa na zana hizi tangu mwanzo. Opereta is iliuliza klasi yenyewe, opereta in iliuliza ukoo, na qua ilimruhusu mwandishi kukitumia kitu kama cha klasi tanzu kwa sharti kwamba ukaguzi ufanyike papo hapo. Juu ya hizo kulikuwa na tamko la inspect, lililopokea kitu na kufuatiwa na matawi ya when, kila tawi na klasi yake. Ndani ya tawi, sehemu za klasi ile zilitumika kwa majina yake bila kugeuza aina na bila kukitaja kitu upya. Tamko hilo liweke akilini, maana nitalirejea.

Bjarne Stroustrup aliifahamu Simula vizuri kabla hajaanza kuunda C++. Alikuwa ameona jinsi waandishi walivyoutumia vibaya uwezo huo, wakipanga misururu ya ukaguzi mahali ambapo methodi moja ya kurithiwa ingetosha, na kwa hiyo akauacha nje ya C++ kwa makusudi. Huo ndio msimamo wa mwalimu wako, na historia imekwisha kuujaribu. Waandishi wa maktaba kubwa za C++ hawakuacha kuuliza. Kila maktaba ilijitengenezea utaratibu wake, wa lebo, wa namba au wa methodi maalumu, na mbinu za maktaba moja hazikupatana na za nyingine. Mwaka 1993 kamati ya viwango ikakubali dynamic_cast, inayouliza ukoo, na typeid, inayouliza klasi yenyewe, nazo zikaingia katika kiwango cha ISO cha 1998. Hata hivyo haikuwa mwisho wa mambo, kwa sababu mradi wa LLVM wa zana za kujengea kompaila, kwa mfano, kwa kawaida hujengwa huku uwezo huo umezimwa, nao una isa, cast na dyn_cast zake zenyewe zinazosoma namba ya aina iliyohifadhiwa ndani ya kitu. Kwa hiyo ukimfuata mwalimu, watumiaji wa lugha yako wataanza kuongeza sehemu iitwayo aina katika klasi zao, wataijaza namba au matini kwa mkono, na kompaila yako haitakuwa na la kusema siku ambayo mtu atasahau kuijaza.

Hata hivyo mwalimu ana hoja, na ni vizuri kuona inafika wapi. Tuseme una mfumo wa malipo wenye klasi mama Malipo na tanzu zake Taslimu, MalipoYaSimu na Hundi. Ukiona methodi ya kuchapisha risiti inayouliza kama malipo ni taslimu, kisha kama ni ya simu, kisha kama ni hundi, na ukaona mlolongo ule ule umerudiwa katika methodi ya kukokotoa ada na katika ile ya kurudisha fedha, hapo anasema kweli tupu. Siku duka litakapoanza kupokea malipo ya kadi, mtu atalazimika kuwinda milolongo yote mitatu, na ule atakaousahau utakaa kimya hadi mteja wa kwanza wa kadi afike. Methodi ada() iliyotangazwa katika Malipo na kutekelezwa na kila tanzu ingemfanya kompaila amkatalie mwandishi mpaka amalize kazi.

Lakini mfano huo unategemea sharti ambalo mara nyingi halitajwi, kwamba klasi zinaongezeka huku kazi zinazofanywa juu yake zikibaki zile zile. Geuza sharti hilo na hoja inageuka. Mwaka 1998 Philip Wadler alilieleza jambo hili kwa picha ya jedwali ambalo kila mstari ni namna moja ya data na kila safu ni kazi moja inayofanywa juu ya data hiyo: mtindo wa klasi na methodi hurahisisha kuongeza mistari na kutesa anayeongeza safu, na mtindo wa lugha kama ML na Haskell hufanya kinyume chake. Sasa iangalie kompaila unayoiandika. Mti wa sintaksia, yaani umbo ambalo kompaila huupa msimbo ikishausoma, una nodi za kujumlisha, za kuita methodi, za masharti, za mizunguko, na seti hiyo haibadiliki ila unapobadilisha sarufi. Lakini kazi juu ya mti huo huongezeka kila wiki, kuanzia ukaguzi wa aina, kuondoa msimbo usiofikiwa, kutoa msimbo wa mashine, hadi kuchapisha mti ili utafute hitilafu. Ukiitii kanuni ya mwalimu kikamilifu, kila nodi itabeba ndani yake kipande cha kila kazi, na mtu anayetaka kuelewa ukaguzi wa aina atafungua mafaili thelathini. Wengi huikimbilia ruwaza ya mgeni, ambayo kila nodi inapewa methodi pokea() inayoita methodi yenye jina la nodi hiyo katika klasi nyingine. Mimi naiona ruwaza hiyo kuwa ni ukaguzi wa klasi ule ule uliovishwa kanzu, tena wenye kurasa nyingi zaidi, na lugha inayowalazimisha watu kuiandika imewanyima kitu walichokihitaji.

Swali la pili basi lina mahali pake halali, na kinachobaki ni umbo lake. Hapa ndipo Java ya mwanzo ilipokosea, na kosa lake lilidumu robo karne. Tazama msimbo huu, ambao kila aliyeandika Java kabla ya mwaka 2021 ameuandika mara nyingi:

if (m instanceof MalipoYaSimu) {
    MalipoYaSimu s = (MalipoYaSimu) m;
    tumaUjumbe(s.namba());
}

Jina MalipoYaSimu limeandikwa mara tatu kwa jambo moja. Opereta imerudisha kweli au uongo, na kompaila imelitupa jibu hilo hapo hapo: ndani ya mabano m bado ni Malipo tu, kana kwamba hakuna aliyeuliza, na ndiyo maana mwandishi analazimika kugeuza aina kwa mkono. Anayenakili mistari hii na kubadilisha jina la kwanza kuwa Hundi bila kubadilisha la pili na la tatu atapata programu ambayo kompaila inaikubali bila malalamiko na ambayo inaanguka inapoendeshwa. Kwa lugha yenye ukaguzi wa aina, kuuliza swali halafu kusahau jibu ni udhaifu mkubwa, kwa sababu kazi nzima ya ukaguzi ni kukusanya yale yanayojulikana kuhusu kila jina katika kila mstari. Java 16 ilirekebisha hilo kwa kuruhusu instanceof MalipoYaSimu s, ambapo s ni jina jipya linaloonekana tu mahali ambapo jibu lazima liwe ndiyo. Ukilitazama vizuri, ni lile wazo la inspect la Simula likirudi nyumbani baada ya zaidi ya miaka hamsini.

Kotlin ilikwenda njia nyingine. Humo hupati jina jipya. Ukishauliza kama m ni MalipoYaSimu, m yenyewe inachukuliwa kuwa hivyo ndani ya tawi. Ni rahisi kusoma, lakini ina mtego ambao utakutana nao siku ya kwanza ya utekelezaji. Ikiwa m ni sehemu ya kitu inayoweza kubadilishwa, uzi mwingine wa programu, au hata methodi iliyoitwa katikati ya tawi, inaweza kuweka malipo ya aina nyingine baada ya swali na kabla ya matumizi. Kwa hiyo kompaila ya Kotlin hukataa kutumia ujuzi huo kwa sehemu zinazobadilika, na mwandishi huambiwa kwamba haiwezekani, naye huishia kunakili thamani katika kigeu kipya kwa mkono. Jina jipya la mtindo wa Java huondoa tatizo hilo tangu mwanzo, kwa kuwa thamani iliyokaguliwa ndiyo hiyo hiyo inayotumika. Kwa mradi wa mwaka mmoja ningechagua jina jipya bila kusita. Uchambuzi wa mtiririko ambao Kotlin inauhitaji ungekula muhula mzima.

Napendekeza pia usianze na opereta bali na tamko zima, kwa sura kama hii:

chunguza m
    ikiwa Taslimu t: droo.weka(t.kiasi())
    ikiwa MalipoYaSimu s: tumaUjumbe(s.namba())
    ikiwa Hundi h: subiriBenki(h)

Opereta ya tawi moja unaweza kuiongeza baadaye kama ufupisho. Faida ya tamko ni kwamba kompaila inaona matawi yote kwa pamoja, na kwa hiyo inaweza kuuliza kama yamekamilika. Ili iweze kufanya hivyo, mwandishi wa Malipo awe na njia ya kutangaza kwamba ukoo wake umefungwa, yaani tanzu zake ni hizi zilizotajwa na hakuna nyingine itakayozaliwa katika faili la mtu mwingine. Scala na Kotlin zina neno sealed kwa kazi hiyo. Java ililipata rasmi katika toleo la 17, mwaka 2021, na switch yenye kukagua ukamilifu wa matawi ikafuata katika toleo la 21, mwaka 2023. Hapo hoja ya mwalimu kuhusu malipo ya kadi inajibiwa: Kadi ikiongezwa katika ukoo uliofungwa, kila chunguza isiyoitaja inakuwa kosa la kompaila, na mwandishi anaonyeshwa mahali pote penye kurekebishwa. Kwa ukoo ulio wazi lazimisha tawi la vinginevyo. Kwa ukoo uliofungwa liruhusu, lakini waonye watumiaji katika mwongozo wako, kwa maana vinginevyo ikiwepo kompaila haina tena cha kulalamikia.

Jambo dogo lisisahaulike: kigeu kisicho na kitu. Java hujibu uongo kwa null katika instanceof, na huo ni uamuzi mzuri, kwa kuwa jina jipya ndani ya tawi huwa na uhakika wa kushika kitu halisi. Katika JavaScript typeof null hujibu "object", hitilafu ya siku za mwanzo kabisa ambayo haiwezi kuondolewa tena bila kuvunja kurasa zilizokwisha andikwa.

Sasa swali la kwanza, la klasi yenyewe. Watu hulitaka zaidi wanapoandika usawa, na maktaba ya Java ina mfano unaoonyesha ugumu wake. Klasi java.sql.Timestamp ni tanzu ya java.util.Date. Ukimuuliza Date kama anafanana na Timestamp, anaweza kujibu ndiyo, kwa sababu anaangalia ukoo kisha analinganisha muda. Ukimgeuzia Timestamp swali hilo hilo, anajibu hapana, kwa sababu Date hana nanosekunde zake. Usawa wa upande mmoja unavuruga seti na orodha zinazotafuta vitu kwa kuvilinganisha, na nyaraka za Java zenyewe zinakiri kwamba ulinganifu umevunjika hapo. Dawa ambayo wengi huitoa ni kulinganisha getClass() za pande mbili, yaani kuhama kutoka swali la pili hadi la kwanza. Ulinganifu unarudi, lakini sasa tanzu yoyote, hata ile isiyoongeza data, inahesabiwa kuwa mgeni. Maktaba za hifadhidata kama Hibernate hutengeneza tanzu za siri wakati programu inaendeshwa ili kuchelewesha usomaji wa data, na kitu kilichotoka humo kinaweza kukataa kwamba kinafanana na nakala yake kwa sababu tu klasi yake ina jina ambalo hakuna mtu aliyeliandika. Barbara Liskov alisisitiza katika hotuba yake ya 1987 kwamba tanzu halali ni ile ambayo programu iliyoandikwa kwa ajili ya mzazi haitaona tofauti inapopewa. Swali la kwanza lipo ili kuiona tofauti hiyo hasa. Ndiyo maana siliwekei opereta. Kwa usawa, acha klasi ya juu itangaze kigezo cha usawa na uzuie tanzu kukibadilisha.

Swali la tatu lina mvuto kwa mwenzako kwa sababu anatoka Python, ambako kitu hukubaliwa kwa matendo yake. Katika lugha isiyokagua aina mapema jambo hilo lina mantiki. Ila jina la methodi ni ushahidi hafifu. Klasi Namba inaweza kuwa na toa(x) yenye maana ya hesabu na klasi Akaunti ikawa na toa(x) yenye maana ya kuchukua fedha, msimbo unaouliza "je, una toa?" utapata ndiyo mara mbili. Python yenyewe ilihisi upungufu huu: PEP 3119, pendekezo rasmi la lugha hiyo la mwaka 2007, ilileta klasi dhahania ambazo klasi nyingine hujisajili kwake ili kutangaza kwamba zinatimiza mkataba, si majina tu, na moja ya sababu ilikuwa kwamba mfuatano na kamusi vyote hukubali mabano ya mraba lakini si vitu vya namna moja. Hata itifaki zilizoletwa na Python 3.8, zikiwekewa alama ya runtime_checkable, hukagua kwamba methodi ipo na si kwamba inapokea hoja zinazotakiwa. Wewe tayari una violesura vinavyotangazwa, kwa hiyo swali la tatu linamezwa na swali la pili: andika ikiwa Inayochapishika c na mambo yamekwisha, kiolesura kikihesabiwa kama mzazi mwingine katika ukoo.

Hata ukoo uliotangazwa unaweza kumdanganya asiyeangalia. Katika Python, bool ni tanzu ya int tangu mwaka 2003, na isinstance(True, int) hujibu ndiyo. Kikagua data kinachotaka umri uwe namba kamili kitapokea True bila kusita, na jumla ya True na True ni 2. Matini nayo ni mfuatano ambao kila kipande chake ni matini nyingine, kwa hiyo mtu anayeandika methodi ya kunyoosha orodha zilizo ndani ya orodha, akiuliza tu kama kipande kinaweza kupitiwa kimoja kimoja, atazama katika herufi ya kwanza na asitoke. Funzo hapa ni kwa mbunifu kuliko kwa mtumiaji: kila uhusiano wa urithi unaouweka katika klasi za msingi kwa ajili ya urahisi wako wa utekelezaji unakuwa jibu ambalo watu watalipata kwa swali lao, milele. Usifanye Mantiki kuwa tanzu ya Namba kwa sababu tu zote mbili zinakaa katika rejista moja.

Nani ajibu? Katika Python kitu kinaweza kuficha klasi yake kwa kubadilisha sehemu ya __class__, na vitu bandia vya majaribio vya unittest.mock vikipewa spec hupita isinstance kwa njia hiyo hiyo. Zaidi ya hapo metaklasi, yaani klasi ya klasi, inaweza kuandika __instancecheck__ na kuamua jibu yenyewe. Kwa majaribio hilo lina raha yake. Kwako wewe halifai hata kidogo, kwa kuwa kompaila yako itatumia jibu hilo kuruhusu msimbo usome sehemu za MalipoYaSimu moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Kitu kikidanganya, utakuwa unasoma namba ya simu mahali ambapo pengine pana kiasi cha fedha. Jibu litoke katika kichwa cha kitu, kilichoandikwa kilipotengenezwa, na pasiwe na methodi inayoweza kuliingilia.

Kuhusu gharama, usiwe na hofu. Kwa kuwa una urithi wa mzazi mmoja na unakusanya programu nzima kwa mkupuo, zipitie klasi kwa mpangilio wa mzazi kwanza na uzipe namba: Malipo 1, Taslimu 2, MalipoYaSimu 3, na tanzu mbili za MalipoYaSimu 4 na 5, kisha Hundi 6. Kila klasi ikumbuke namba yake na namba kubwa kuliko zote katika ukoo wake. Kuuliza kama kitu ni MalipoYaSimu ni kusoma namba ya klasi yake na kuona kama iko kati ya 3 na 5, basi. Java haiwezi kufanya hivyo kwa sababu klasi mpya hupakiwa wakati wowote. HotSpot, mashine pepe inayoendesha programu za Java, kwa njia iliyoelezwa na Cliff Click na John Rose mwaka 2002, huweka katika kila klasi safu ya nafasi 8 za mababu zake, na swali hujibiwa kwa kusoma nafasi moja na kulinganisha. Violesura ndivyo vigumu zaidi. Mpango huo ulivipa orodha ya pembeni pamoja na kumbukumbu ya jibu la mwisho, na nyuzi nyingi zilipouliza maswali mawili tofauti kwa zamu kuhusu klasi moja, kumbukumbu hiyo iliandikwa upya kila mara na viini vya prosesa vikagombea mahali pamoja. Kwa violesura vichache vya mradi wako, jedwali la biti litatosha.

Kama unawaza kuongeza vigezo vya aina baadaye, kama ile String katika orodha ya String, amua sasa kama vitabaki wakati wa kuendesha. Java ilipoleta vigezo hivyo mwaka 2004 ilivifuta baada ya ukaguzi, na hadi leo ArrayList ya String na ArrayList ya Integer zikilinganishwa kwa getClass() hutoka sawa, na kompaila hukataa kuuliza kama Object fulani ni List<String>, kwa kuwa hakuna wa kujibu. C# ilivihifadhi mwaka 2005, na swali hilo lina jibu. Kuvifuta ni rahisi kutekeleza. Mimi ningevifuta, ilimradi chunguza ikatae wazi wazi tawi lisiloweza kukaguliwa badala ya kukisia.

Nimebakiza methodi klasi() ya mwenzako. Haja yake ni ya kweli: chombo cha kutafuta hitilafu kinahitaji kuorodhesha sehemu za kitu, na maktaba ya kuandika data katika faili vilevile. Tatizo ni mlango wake. Ikiwa kila kitu kina klasi(), na kutoka hapo mtu anafikia kila methodi na kila sehemu kwa jina lililoundwa programu ikiwa inaendeshwa, basi kompaila haiwezi kujua kwamba methodi fulani haitumiki popote, na haiwezi kuiondoa. Vilevile neno binafsi linakuwa ombi tu. Java iliruhusu setAccessible kufungua sehemu binafsi kwa miaka mingi, ndipo mfumo wa moduli wa Java 9, mwaka 2017, ukaanza kuubana mlango huo. Gilad Bracha na David Ungar walipendekeza mwaka 2004 kwamba uwezo huu ukae katika vitu tofauti walivyoviita vioo, kama ulivyokuwa katika lugha ya Self: hukiulizi kitu kuhusu ndani yake, bali unaiomba maktaba ikupe kioo cha kitu hicho, na programu isiyoingiza maktaba hiyo haibebi chochote. Dart ina maktaba ya namna hiyo, dart:mirrors, na Flutter, zana ya kuundia programu za simu kwa Dart, iliweza kuzinyima programu hizo maktaba hiyo ili msimbo usiotumika uondolewe, jambo ambalo lingekuwa gumu mno kama kila kitu kingekuwa na mlango huo mwilini. Fanya hivyo: maktaba ya vioo, yenye kusoma tu katika toleo la kwanza, na swali la klasi yenyewe likae humo kwa wanaolihitaji.

Jina la klasi kama matini nalo likae kwenye kioo, na nyaraka ziseme kwamba ni la ujumbe wa makosa tu. C++ haikuahidi chochote kuhusu typeid(x).name(), na kwa klasi Malipo kompaila ya GCC hutoa 6Malipo wakati ile ya Microsoft hutoa class Malipo. Aliyelinganisha matini hayo ili kuamua njia ya programu hukwama anapohamia kompaila nyingine. Uandishi wa vitu wa Java nao uliweka majina ya klasi ndani ya mafaili, na tangu hapo kubadilisha jina la klasi au kuihamishia kifurushi kingine huyafanya mafaili ya zamani yasisomeke. Maktaba yako ya kuandika data imtake mwandishi aitangazie kila klasi jina lake la kwenye faili, lisilotegemea jina la kwenye msimbo, na ikatae klasi isiyo nalo.